Redio ya wote: kama wageni wanaondoka, nani atailipa?

Mwezi wa tatu 2025, watu wengi wa kwetu walifungua redio jioni kutafuta Sauti ya Amerika kwa Kiswahili, hawakupata kitu. Haikuwa shida ya umeme, haikuwa shida ya antena. Tarehe 14 ya mwezi ule Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kupunguza kabisa ofisi inayosimamia redio za Marekani za kusema na inchi za nje. Kesho yake wafanyakazi walio wengi wakaambiwa wabaki nyumbani. Redio iliyosema nasi kwa Kiswahili tangu miaka ya 1960 ikanyamaza kwa siku moja.

Mu kartye watu hawakulia sana. "Si kitu, leo kila mutu iko na simu," njo jibu tunalosikia kila mahali. Habari ziko ku WhatsApp, muziki uko ku YouTube, vichekesho viko ku TikTok, mupira uko ku Canal+ kwa jirani. Redio ya serikali, televizyo ya serikali, ni za nini tena?

Sisi tunaona kama jibu hilo linapita haraka. Kwa zaidi ya miaka 20, kazi ambayo redio ya taifa ilipaswa kufanya kwa lugha yetu imefanywa mara nyingi na wageni, kwa falanga ya wageni. Wageni hao sasa wanaondoka mmoja mmoja, ao wanapunguza. Simu peke yake haitachukua nafasi yao. Inabaki RTNC, na RTNC tunayoijua leo haiwezi kubeba mzigo ule. Ni lazima igeuke, na ili igeuke ni lazima tuseme wazi nani atalipa na kwa masharti gani.

Falanga ilitoka wapi

Tuhesabu kidogo. BBC ilianza kusema Kiswahili mwaka 1957, kutoka London. Deutsche Welle ya Wajerumani ikafuata mwaka 1963. RFI ya Wafaransa ikafungua idhaa yake ya Kiswahili mwaka 2010. Redio hizi zote zinalipwa na watu wa inchi zao: mwalimu wa Lyon, dereva wa basi wa Manchester. Sisi tulisikiliza bure.

Ndani ya inchi kuna Radio Okapi. Ilianza tarehe 25 mwezi wa pili 2002, wakati Wakongomani walikuwa wanakutana Sun City, Afrika Kusini, kutafuta amani. Inchi ilikuwa imekatika vipande. Mtu wa Kisangani hakujua vizuri mambo ya Kinshasa, wa Goma hakujua ya Lubumbashi. Okapi ikasema na vipande vyote pamoja, kwa Kifaransa na kwa lugha 4 za taifa: Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo. Wanahabari wake walilipa bei kubwa. Serge Maheshe aliuawa Bukavu mwezi wa sita 2007. Didace Namujimbo aliuawa mu mji ule ule mwezi wa kumi na moja 2008.

Lakini Okapi ni redio ya Umoja wa Mataifa. Ilizaliwa na MONUC, inaishi na MONUSCO, na MONUSCO iko mu njia ya kutoka. Mwezi wa sita 2024 ilimaliza kazi yake Kivu Kusini. Siku itafunga mlango wa mwisho, swali la nani analipa mishahara ya Okapi halitaweza kusubiri tena.

Na kule falanga inatoka, wenyewe wanaanza kuchoka. Uingereza, kuanzia mwezi wa ine 2025, kila nyumba iliyotazama televizyo moja kwa moja ilipaswa kulipa pauni 174.50 kwa mwaka, na mkataba mkubwa wa BBC unaisha mwisho wa 2027. Vijana wanauliza: kama ninatazama Netflix, nilipe BBC juu ya nini? Ufaransa ilifuta mwaka 2022 ile redevance ya euro 138 iliyolipwa na nyumba zenye televizyo. Sasa redio na televizyo za umma zinaishi na sehemu ya TVA, yaani kila mwaka zinangojea wabunge. Marekani, mwezi wa saba 2025, Bunge liliondoa dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimepangwa kwa redio na televizyo za umma za ndani ya inchi.

Kama baba wa nyumba anakosa falanga, sahani ya nani inapunguzwa kwanza? Si ya mtoto, ni ya mgeni. Mwezi wa kenda 2022 BBC ilitangaza kuondoa nafasi za kazi karibu 382 mu idhaa zake za dunia. Hatusemi haya kwa kulaumu mtu. Walitupa kwa miaka mingi kitu ambacho hawakuwa na deni la kutupa. Deni lilikuwa la serikali yetu.

RTNC iko ya nani?

Katiba ya 2006 imejibu. Kifungu cha 24 kinasema vyombo vya habari vya serikali ni huduma ya umma, na kwamba mikondo yote ya siasa na ya jamii inapaswa kuvifikia kwa haki sawa. Kinataka tena sheria ilinde ukweli, kutopendelea na mawazo mbalimbali. Kifungu cha 1 kinataja Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa na kinaipa serikali kazi ya kuziendeleza. Maandiko ni mazuri. Tatizo liko mu maisha.

Redio hii ilianza wakati wa Wabelgiji, ikawa Sauti ya Zaïre chini ya Mobutu. Wazee bado wanakumbuka jurnali ya televizyo iliyofunguliwa na sura ya Mobutu ikishuka kutoka mawinguni. Mwaka 1997 jina likageuka kuwa RTNC. Jina liligeuka, desturi ikabaki: jurnali inaanza na safari ya mkubwa, inaendelea na semina ya waziri, inaisha na pongezi. Mpinzani anaonekana siku anaingia serikalini.

Wenye bunduki nao wanaijua hivyo. Mwezi wa munane 1998, vita mpya ilitangazwa ku redio ya Goma. Tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 2013, wafuasi wa Paul-Joseph Mukungubila waliingia kwa nguvu ku RTNC Kinshasa. Vipindi vikakatika, na watu wakafa siku ile mu mji mkuu na hapa Lubumbashi. Mtu anayetafuta mamlaka hapotezi nguvu yake kwa kushika mahali pa watu wote. Anashika mahali ambapo mamlaka inasemea. Hiyo inaonyesha RTNC wanaiona namna gani.

Tuseme pia juu ya mfuko. Mara kwa mara tunasikia wafanyakazi wa RTNC wamegoma juu ya mishahara. Mwanahabari ambaye mshahara wake hautoshi, ao unachelewa, anaishi na bahasha ya yule aliyemwita kufanya habari, ile tunayoita coupage. Aliyetoa bahasha njo anayeonekana ku jurnali. Mwenye kisima kilichokauka hana bahasha, kwa hiyo kisima chake si habari. Tunalaumu mwanahabari, lakini shida inaanza ku kaunta ya mshahara.

Pamoja na hayo, tusisahau upande mwingine. Hapa Lubumbashi, kundi la Mufwankolo lilicheza michezo yake ku redio, kiisha ku televizyo ya taifa, kwa Kiswahili cha kwetu, kile cha mu site na mu makampi ya wafanyakazi wa mugodi. Watu walicheka, lakini walijiona pia: bwana na bibi yake, mshahara unaoishia njiani, mkubwa anayekula peke yake. Hakuna redio ya London ao ya Washington ingeweza kutufanyia kitu kile. Wanatuletea habari za dunia, na tunawashukuru, lakini hawasemi Kiswahili cha Katuba. Kituo cha serikali kilifanya ile kazi wakati wa Mobutu, wakati uhuru ulikuwa mdogo kuliko leo. Basi haiwezi kusemwa kwamba RTNC haina namna.

Simu inaweza nini, haiwezi nini

Tusidharau simu. Kijana wa Katuba ao wa Ruashi leo anapiga video, anasema Kiswahili chake, na jioni ile ile ndugu zake wa Brussels na wa Johannesburg wanamtazama. Hakuomba ruhusa Kinshasa. Hiyo ni faida kubwa, na hakuna mtu atairudisha nyuma. Lakini simu iko na mipaka 3.

Mpaka wa kwanza ni mega. Saa moja ya video ya kawaida inakula karibu mega 700. Saa moja ya redio kupitia intaneti inakula karibu mega 30. Saa moja ya redio ya FM haikuli hata mega moja, inataka tu betri mbili. Mama anayeuza unga ku soko ananunua mega kidogo kidogo, za siku moja. Ataziweka ku sauti ya mtoto wake aliye Kolwezi, si ku jurnali. Na kule umeme unakosa siku 3, simu yenyewe inalala.

Mpaka wa pili ni deni. YouTube na TikTok hazina deni na mtu. Mashine yao inahesabu nani ametazama, kwa muda gani, na tangazo gani litauzwa. Kijiji cha pembeni ya ziwa Moero chenye kipindupindu si soko, kwa hiyo mashine haikioni. Redio ya umma ina deni na kijiji kile, hata kama hakileti falanga.

Tukumbuke Goma. Usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ililipuka. Mara moja simu zikajaa picha za moto. Swali la watu lilikuwa moja tu: tubaki ao tukimbie, na tukimbie upande gani? Picha haijibu swali hilo. Siku 5 kiisha, tarehe 27, gavana akatoa amri watu wa mitaa 10 kati ya 18 ya mji waondoke. Maelfu na maelfu wakaenda Sake, Rutshuru, Rwanda. Amri ya namna hiyo inahitaji sauti inayojulikana, inayorudiwa kila saa, kwa lugha ya mama mwenye mtoto mgongoni. Inahitaji tena sauti inayoaminika, na hapo njo pagumu.

Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, kati ya 2018 na 2020, watu 2,287 walikufa. Waganga walipigana na ugonjwa, wakapigana pia na neno lililopita toka simu hadi simu, toka mlango hadi mlango: "Ebola ni biashara yao." Neno lile halikutoka hewani tu. Watu waliozoea kudanganywa juu ya barabara na juu ya mishahara wataamini vipi siku wanaambiwa juu ya ugonjwa? Redio inayosifu serikali siku 364 haitaaminiwa siku ya 365, hata ikisema ukweli mtupu.

Mpaka wa tatu ni kamera. Tarehe 7 mwezi wa pili 2024, mu nusu fainali ya Kombe la Afrika kule Abidjan, Léopards walisimama wakati wa wimbo wa taifa, mkono mmoja ku mulomo, vidole viwili ku kichwa mfano wa bunduki, kusema na dunia juu ya mauaji ya mashariki. Dunia iliona. Lakini siku zile mashabiki wengi walilalamika kwamba alama zingine za namna ile kiwanjani hazikuonyeshwa. Hatutaki kurudilia ugomvi ule. Tunasema tu kwamba kamera hazikuwa zetu. Mwenye kununua haki za picha njo anaamua utaona nini, na mu wakati huu haki zinaenda kwa wenye mfuko mrefu.

Nani alipe?

Hapa watu wa mawazo ya haraka wanasema: tukate kidogo ku simu ya kila mtu. Sisi tunasema: angalieni. Tangu mwezi wa kenda 2020, watu walikatwa yunite zao juu ya RAM, dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu ya 3G na 4G. Makelele yakawa mengi, wabunge wakauliza falanga inaenda wapi, na mwanzo wa 2022 ikafutwa. Yeyote atakayeleta kodi ya RTNC kupitia simu ataikuta RAM imekaa mlangoni.

Wengine wanasema: kila mwenye televizyo alipe. Tutazame Afrika Kusini. SABC ina redio kwa lugha zote kubwa za inchi, kazi ya kuheshimiwa. Mwenye televizyo anapaswa kulipa randi 265 kwa mwaka, lakini zaidi ya 8 kwa 10 hawalipi. Na ile ni inchi yenye anwani, benki na mahakama kuliko sisi.

Wengine tena wanasema: bajeti ya serikali inatosha. Kwa karatasi, ndiyo. Lakini tunajua tofauti kati ya falanga iliyopigiwa kura na falanga iliyofika. Na anayefungua mfereji wa falanga kila mwezi njo anayeamua jurnali inaanza na nani.

Sisi tunaona kuna njia ya katikati. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 2020 ilianzisha mfuko wa huduma kwa wote, FDSU, unaopata falanga ku makampuni ya simu ili huduma ifike mahali ambapo biashara haitaki kufika. Habari kwa lugha ya watu ni huduma ya namna hiyo. Sehemu fulani ya mfuko ule, iliyoandikwa mu sheria, iende moja kwa moja ku redio ya umma, bila kupita mu mikono ya waziri. Mtu atasema mfuko ule ni wa kupeleka antena vijijini. Ni kweli, na antena zinahitajika. Lakini antena inayofika kijijini bila habari hata moja ya kijiji inaleta duka tu, mahali pa kumaliza falanga.

Falanga isitoke bila masharti, tena masharti yatangulie. La kwanza: mkuu wa RTNC achaguliwe kwa mashindano ya wazi, asikilizwe na Bunge, apewe muda unaojulikana, na asifukuzwe juu ya habari iliyomukasirisha mtu. La pili: Lubumbashi, Kalemie, Bukavu, Goma, Kisangani wawe na bajeti yao na saa zao za Kiswahili, wasiwe bomba tu la kupitisha Kinshasa. La tatu: kila mwaka hesabu zitoke ku magazeti, ngapi ilipigiwa kura, ngapi ilifika, ngapi ililipa mishahara.

Kazi zingine hazihitaji hata kungojea sheria. Habari za dakika 5, zikitumwa kama sauti ya WhatsApp, zinakula karibu mega 1. Kituo cha mkoa kinaweza kuzituma asubuhi na jioni, kwa Kiswahili, na watu wenyewe watazisambaza mpaka mahali FM haifiki. ARPTC inaweza kuita Vodacom, Airtel, Orange na Africell mezani ili sauti za redio ya umma zisikatwe mega. Michezo ya zamani iliyobaki mu sanduku za kanda inaweza kuwekwa ku YouTube, kabla ya joto na panya kuimaliza. Na FM ibaki. Anayesema FM imepitwa na wakati hajalala Kabalo ao Shabunda.

Juu ya Okapi, mazungumzo yaanze wakati MONUSCO ingali hapa. Antena zake na watu wake waliofundishwa kwa miaka mingi wasitawanyike. Lakini tunaogopa pia wazo la kuimeza ndani ya RTNC ya leo. Ukimwaga maji safi mu pipa lenye matope, unapata matope mengi zaidi. Heri ibaki peke yake kwanza, na RTNC ijifunze kwake.

Najua, kuna msomaji ataguna: "Tulipe mulomo wa serikali juu ya nini?" Iko na haki. Tunamjibu hivi: mulomo ule tunaulipa tayari, kwa kodi zetu, na hatuulizi kitu. Tukinyamaza, utabaki mulomo wa serikali, na habari zetu za kweli zitategemea huruma ya wapiga kura wa Ohio ao wa Toulouse. Tukiuliza, labda utakuwa mulomo wetu.

Kikao cha Bunge cha mwezi wa kenda njo cha bajeti. Kila wilaya iko na mbunge wake, na wengi wao wanarudi nyumbani kabla ya kikao kile. Siku atapita mu kartye yako, usimwombe tisheti. Muulize mstari wa RTNC mu bajeti ya mwaka jana: ulipigiwa kura ngapi, na ngapi ilifika ku kituo cha mkoa wetu. Kama hajui, mwambie atafute, arudi na jibu. Sisi pia, ku ukurasa huu, tutauliza.